Usiache Mbachao: Ni Injini Gani Ifaayo Land Rover Yako Kuukuu ya Petroli?

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako, au kwa mjomba wako kule shambani, ipo Land Rover kuukuu ya petroli, ile yenye uso ulionyooka kama ukuta na milango inayolia kila inapofunguliwa. Kwa miaka mingi imebeba mahindi, saruji, maharusi na wagonjwa. Lakini siku hizi asubuhi haitaki kuamka, mlimani inahema kama mzee mwenye pumu, na kila inapokiona kituo cha mafuta haiwezi kukipita. Baba anasema, "Tuitie injini nyingine, iliyo kubwa zaidi." Mama anauliza, "Na karo ya watoto je?" Naye fundi wa mtaani amekwisha kuona mahali injini ya mtumba inayouzwa, na anataka jibu kabla ya Jumatatu.

Huo ni uamuzi mzito. Fedha zinazohitajiwa aghalabu ni akiba ya miaka, na gari lenyewe pengine ndilo linaloleta chakula mezani. Ukikosea, utabaki na gari lisilotembea na mfuko usio na kitu. Jambo baya zaidi ni kwamba waweza kubaki na gari linalotembea kwa kasi kuliko breki zake zinavyoweza kulizuia.

Wahenga walituachia methali mbili zinazofaa hapa. Ya kwanza ni ile ya kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili ni usiache mbachao kwa msala upitao. Makala haya hayasemi kwamba injini isibadilishwe kamwe. La hasha. Yanasema kwamba injini ni kiungo kimoja tu cha mwili wa gari, na mwenye gari anapaswa kuupima mwili mzima, tena kwa kalamu na karatasi, kabla ya kuukata moyo wa zamani na kupandikiza mpya.

Injini iliyozaliwa pamoja na gari

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Injini yake ilikuwa ndogo, ya petroli, yenye ukubwa wa lita 1.6. Baadaye ikaja ya lita 2. Mwaka 1958, ilipotoka Land Rover ya Series II, ndipo ilipoingia ile injini ambayo wengi wetu tunaijua: petroli ya lita 2.25, yenye silinda nne na ukubwa kamili wa sentimita za ujazo 2,286. Injini hiyo iliendelea katika Series IIA, iliyoanza mwaka 1961, na katika Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985.

Nguvu yake ni kiasi cha farasi 70. Kwa mtu aliyezoea magari ya siku hizi, hizo ni kidogo. Lakini injini hii haikuundwa kwa ajili ya mashindano. Iliundwa ivute mzigo polepole, ivumilie petroli hafifu, na itengenezeke chini ya mwembe kwa spana chache. Mnyororo wa taimingi, kabureta moja, koili na distribyuta: hivyo ndivyo vitu vyake, na fundi aliyesoma kwa macho na mikono aweza kuvielewa vyote. Mwaka 1980 kiwanda kiliiongezea uimara kwa kuipa krenki inayokaa juu ya beringi tano badala ya tatu. Basi ukitaka kununua injini ya aina hii iliyotumika, ya beringi tano ni bora kuliko ya beringi tatu.

Ni muhimu kuyajua haya kwa sababu watu wengi huilaumu injini kwa kuwa dhaifu, ilhali hawajapata kuiona ikiwa nzima. Injini iliyochoka hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, hata mwenyewe akadhani kwamba ndivyo ilivyozaliwa.

Mpime mgonjwa kabla ya kumpa dawa

Daktari mwema hampi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Vivyo hivyo, usikubali injini ishushwe kabla ya kupimwa mkandamizo wa silinda zake. Kipimo chake ni saa ndogo inayofungwa mahali pa plagi, na gereji nyingi za mjini wanayo. Injini ipashwe moto kwanza. Plagi zote nne zitolewe, waya wa koili uchomolewe, kisha mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho huku akizungusha starta. Andika namba ya kila silinda.

Ikiwa namba zote nne zinakaribiana na si za chini mno, injini yako haijafa. Tatizo lako yamkini liko katika kabureta, katika moto, au katika hewa. Ikiwa silinda moja iko chini sana, mimina kijiko cha oili ndani yake kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda, ringi na kuta za silinda zimelika. Isipopanda, uchunguze valvu. Zikiwa silinda mbili zinazopakana ndizo zilizo chini, gasketi ya hedi huwa ndiyo mshukiwa wa kwanza, na hiyo ni gharama ndogo kabisa ukilinganisha na injini nzima.

Baada ya hapo, rudi kwenye mambo madogo ambayo hudharauliwa. Nafasi ya tapeti iwe milimita 0.25. Nafasi ya plagi iwe kati ya milimita 0.75 na 0.80. Platini za distribyuta ya Lucas ziachane kwa milimita 0.35 hadi 0.40. Moto uwake kwa utaratibu wa silinda ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya pili. Kabureta isafishwe na mihimili yake itazamwe, kwani ikilegea huvuta hewa ya wizi, na injini haitatulia hata ukiibembeleza vipi.

Usisahau chujio la hewa. Katika Land Rover hizi chujio hilo huwa na bakuli la oili chini yake, na vumbi linanaswa humo. Katika barabara zetu za vumbi bakuli hilo hugeuka tope upesi. Dereva asiyelifungua kwa miezi analisha injini yake mchanga, na mchanga hula ringi kama panya wanavyokula ghala. Hata ukifunga injini mpya kabisa, ukiendelea na tabia hiyo nayo itakwenda njia ile ile.

Kuifufua injini ile ile

Tuseme kipimo kimeonyesha kwamba injini imelika kweli. Njia ya kwanza ni kuifanyia ovahoo. Silinda hupanuliwa kwa mashine na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Krenki husuguliwa na kutiwa beringi mpya, hedi hunyooshwa, na valvu pamoja na miongozo yake hubadilishwa. Kama silinda zimekwisha kupanuliwa mara nyingi huko nyuma, hutiwa mikono mipya ya chuma ili kurudishwa katika kipimo cha awali.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kila kitu kingine kinabaki kama kilivyo. Gia boksi, klachi, rejeta, ekzosi, nyaya na kadi ya gari havihitaji kubadilishwa. Fundi hahitaji kuchomelea chuma wala kubuni kitu. Ubaya wake ni kwamba kazi ya ovahoo ni kazi ya uaminifu. Mchonga vyuma asiyepima sawasawa, au fundi anayerudisha beringi kuukuu na kukutoza bei ya mpya, ataziteketeza fedha zako katika muda wa miezi michache. Basi omba kuonyeshwa vipuri vya zamani vilivyotolewa, na uwepo siku ya kufunga.

Unapofanya ovahoo, liko jambo moja ambalo baba zetu hawakulazimika kulifikiria. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi, na risasi hiyo, pamoja na madhara yake makubwa kwa afya ya watoto, ilikuwa inazilinda valvu za kutolea moshi na viti vyake zisilike. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa ajili ya magari, iliacha Julai 2021. Hiyo ni neema kwa wanadamu, na hakuna anayetamani siku zile zirudi. Lakini hedi ya zamani yenye viti laini vya valvu yaweza kulika, hasa gari linapokimbizwa kwa kasi au kuvuta mzigo mzito kwa muda mrefu. Dalili yake ni nafasi ya tapeti kuzidi kupungua kila mara unapoipima. Dawa yake ni kumwambia mchonga vyuma atie viti vya chuma kigumu wakati hedi iko mezani pake. Ukifanya hivyo mara moja, umemaliza.

Liko pia swali la uwiano wa mkandamizo. Injini hizi zilitoka za aina mbili: za saba kwa moja, zilizokusudiwa petroli hafifu, na za nane kwa moja. Petroli ya leo inaruhusu nane kwa moja bila wasiwasi. Ukibahatika kupata hedi ya aina hiyo iliyo nzima, utaongeza uhai kidogo bila kubadili kitu kingine. Kadhalika, wako wanaoondoa platini na kufunga mfumo wa moto wa elektroniki ndani ya distribyuta ile ile. Hauongezi nguvu ya injini nzima, lakini huondoa usumbufu wa kurekebisha platini kila mara.

Ndugu wa tumbo moja

Njia ya pili ni kutafuta injini ya ukoo ule ule. Mwaka 1985 kiwanda kilitoa petroli ya lita 2.5, ambayo kwa kweli ni ile ya 2.25 iliyorefushiwa mwendo wa pistoni. Nguvu yake ni farasi 83, na hutoa mvuto mzuri zaidi ikiwa bado inazunguka polepole. Ina krenki ya beringi tano na viti vigumu vya valvu. Kubwa kuliko yote, inaingia mahali pa ile ya zamani bila vita. Tatizo ni kuipata, kwa kuwa wakati huo wanunuzi wengi walikuwa wamekwisha kugeukia dizeli. Lakini ukiikuta ikiwa nzima, usiipite.

Ndugu mwingine ni dizeli ya lita 2.25, ambayo ukubwa wake ni ule ule wa 2,286. Nayo hufungika kwa urahisi, na ni hodari wa kubana mafuta. Lakini nguvu zake ni farasi 62 tu. Mtu anayelalamika kwamba petroli yake ni dhaifu mlimani, akifunga dizeli hii, atakuwa amekimbia mvua akaingia mtoni. Inamfaa yule anayekwenda polepole, karibu na nyumbani, na ambaye hana haraka. Dizeli ya lita 2.5 iliyoifuata mwaka 1984 ina nafuu kidogo, lakini nayo si ya mwenye haraka.

Tdi, mgeni anayekaribishwa zaidi

Njia ya tatu ndiyo inayozungumzwa zaidi magereji, nayo ni dizeli yenye turbo iitwayo 200Tdi, iliyotoka mwaka 1989 katika gari la Discovery na mwaka uliofuata katika Defender. Ukubwa wake ni lita 2.5, na nguvu zake ni zaidi kidogo ya farasi 100. Lakini sifa yake kubwa si idadi ya farasi. Ni nguvu ya kuzungusha magurudumu, ambayo kwa injini hii ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya petroli ya 2.25, tena inapatikana injini ikiwa inazunguka mara 1,800 tu kwa dakika. Katika kupanda mlima Kitonga na magunia nyuma, hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa. Na kwa kuwa haitegemei kompyuta, fundi wa kawaida aweza kuihudumia.

Injini hii ni kitukuu wa ile ile ya mwaka 1958, na upana wa silinda zake ni ule ule wa milimita 90.47. Ndiyo maana inakubali kuunganishwa na gia boksi ya Series. Hata hivyo, usidanganywe kwamba inaingia kama mkono ndani ya mfuko. Ile iliyotoka katika Defender ni rahisi zaidi. Ile ya Discovery ina turbo iliyokaa chini, nayo hugombana na chasisi, hivyo manifodi na mabomba yake lazima yabadilishwe. Ile iliyofuata mwaka 1994, iitwayo 300Tdi, ni injini nzuri pia, lakini vishikizo vyake ni vya namna nyingine na kazi ya kuifunga ni kubwa zaidi.

Tena kuna mambo ambayo muuzaji hatakutajia. Tangi la petroli lioshwe, na bomba la kurudisha dizeli tangini lifungwe. Rejeta kubwa zaidi inahitajika, pamoja na kipozeo cha hewa ya turbo. Nyaya zibadilishwe, kwa maana dizeli haina koili wala distribyuta, bali ina plagi za kupasha moto na kifaa cha kuzimia injini. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kabla injini haijaingia garini, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake kwamba ni mpya. Mkanda huo ukikatika njiani, valvu na pistoni hukutana, na akiba yako yote hulala barabarani.

Kubwa kuliko zote na injini za Kijapani

Wako wanaoota injini ya V8, ile ya lita 3.5 iliyotiwa katika Range Rover tangu mwaka 1970. Ni ya alumini, kwa hiyo uzito wake si wa kutisha, na sauti yake humfurahisha kila kijana. Lakini tazama kiwanda chenyewe kilifanya nini. Kilipotaka kuitia katika Series III ndefu mwaka 1979, kiliibana hadi ikabaki na farasi 91 tu, kikaipa gia boksi nyingine yenye kuendesha magurudumu yote manne wakati wote, kikausogeza mbele uso wa gari ili kupata nafasi. Ikiwa wahandisi walioliunda gari hilo waliona kwamba gia boksi ya zamani haiwezi kuachwa mahali pake, fundi wa mtaani anayekuambia kwamba "itakubali tu" anatoa wapi uhakika huo? Fauka ya hayo, V8 hunywa petroli kuliko hata ile unayoilalamikia. Kwa familia inayohesabu lita, hiyo si tiba, ni ugonjwa wa pili.

Injini za dizeli za Kijapani ni habari nyingine. Mathalani, Toyota 3L ya sentimita za ujazo 2,779, iliyofungwa katika Hiace nyingi, au Isuzu 4JB1 ya 2,771. Sifa yao kubwa ni vipuri. Katika miji ambamo Hiace zimebeba abiria kwa miaka mingi, nozeli, gasketi na pampu zake si vitu vya kuagiza ng'ambo, na mafundi wanaozijua hawakosekani. Ugumu wao ni muungano. Hazikuzaliwa na gia boksi ya Land Rover, kwa hiyo yahitajika bamba la chuma la kuziunganisha, na bamba hilo lazima lichongwe kwa usahihi mkubwa. Likipinda hata kwa unywele, shafti ya gia boksi haitakaa katikati ya injini, nayo itakula beringi na klachi bila kukoma. Usimkubalie fundi anayetaka kulikata kwa gesi na kulinyoosha kwa nyundo. Mwombe akuonyeshe gari alilolifunga miaka miwili iliyopita na ambalo lingali likitembea. Akishindwa kukuonyesha hata moja, mwage kwa heshima.

Injini haiishi peke yake

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Nguvu inayotoka katika injini hupita katika klachi, gia boksi, propela shafti, difu na hafu shafti mpaka ifike kwenye tairi. Kila mmoja katika mlolongo huo alipewa kifua cha kubeba farasi 70 au zaidi kidogo. Ukiutia farasi wengi, utakaokatika ni ule ulio dhaifu zaidi, na katika Land Rover za Series hafu shafti za nyuma zina sifa mbaya ya kukatika dereva anapokanyaga ghafla katika gia nzito. Mwenye injini yenye nguvu hana budi kujifunza mguu mwepesi.

Difu nazo zina maneno yake. Gari hili lilipangiwa mwendo wa pole. Likienda kilomita 80 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Likienda 100, ni karibu mara 3,600. Kwa dizeli hiyo ni kelele na uchovu. Ndiyo maana waliofunga Tdi huongeza gia ya ziada nyuma ya gia boksi, au hutafuta difu ndefu zaidi za Range Rover au Discovery. Hiyo ni gharama juu ya gharama, na yafaa iingie katika hesabu tangu mwanzo.

Lakini jambo ambalo halina mjadala ni breki. Nyingi ya Land Rover hizi zina breki za ngoma magurudumu yote manne. Zilitosha kwa mwendo wa zamani. Gari likipata uwezo wa kwenda kilomita 110 kwa saa, breki hizo hazipati uwezo mpya kwa huruma. Zaidi ya hayo, gari lako likiwa na kile kifaa kinachousaidia mguu, ambacho mafundi hukiita busta, ujue kwamba hufanya kazi kwa mvuto wa hewa unaotoka katika manifodi ya petroli. Dizeli haina mvuto huo. Ni lazima iwe na pampu yake ya kuvuta hewa, na pampu hiyo iunganishwe na ifanye kazi. Fundi akiisahau, utaligundua jambo hilo kwenye mteremko wa kwanza, watoto wakiwa wameketi nyuma. Basi kabla ya kulipa senti ya mwisho, lijaribu gari mahali tambarare, tena pole pole, ukizikanyaga breki mara nyingi mfululizo.

Jambo la mwisho ni karatasi. Namba ya injini na ukubwa wake vimeandikwa katika kadi ya gari. Nchini Tanzania usajili wa magari uko chini ya Mamlaka ya Mapato, na nchini Kenya uko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama. Uliza utaratibu kabla ya kununua, na udai hati ya mauzo yenye namba ya injini. Injini isiyo na hati yaweza kuwa imeibwa, na siku utakapotaka kuliuza gari au kudai bima, mlango utafungwa mbele yako.

Hesabu ya mezani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kaeni basi baba na mama mezani, muandike. Tuchukue mfano mwepesi. Petroli ya 2.25 iliyo nzima hukupa kiasi cha kilomita 6 kwa lita. Tdi iliyofungwa vizuri hukupa kiasi cha kilomita 10. Tuseme kuifunga Tdi pamoja na yote yanayoifuata kutakugharimu, zaidi ya gharama ya ovahoo ya injini ya zamani, fedha za kununulia lita 3,000 za mafuta. Tuseme pia bei ya petroli na ya dizeli ni moja.

Familia ya kwanza hutembea kilomita 600 kwa mwezi: sokoni, kanisani au msikitini, na shambani mwisho wa juma. Petroli itahitaji lita 100, dizeli lita 60. Wanaokoa lita 40 kwa mwezi. Watarudisha gharama zao baada ya miezi 75, yaani miaka sita na robo. Je, gari litaishi hivyo bila matatizo mengine? Na fedha hizo zisingeliweza kujenga chumba kimoja?

Familia ya pili hufanya biashara, na gari lao hutembea kilomita 3,000 kwa mwezi. Petroli itahitaji lita 500, dizeli lita 300. Wanaokoa lita 200 kila mwezi, na katika miezi 15 wamerudisha kila kitu. Kuanzia hapo, kila lita inayookolewa ni faida yao.

Umeona, ndugu msomaji? Gari ni lile lile, injini ni zile zile, lakini jibu si moja. Anayetembea kidogo na aifufue injini yake ya petroli, aitie viti vigumu vya valvu, aoshe chujio la hewa, na alale usingizi. Anayetembea sana na kubeba mizigo milimani, na atafute Tdi yenye hati, au dizeli ya Kijapani kwa mkono wa fundi mwenye ushahidi, na aanze na breki kabla ya injini. Anayetaka V8 kwa ajili ya sauti yake, na asubiri mpaka watoto wamalize shule. Weka namba zako mwenyewe mahali pa namba zetu, kwa bei za mtaa wako, na jibu litajitokeza bila kumwuliza mtu.

Land Rover ya mwisho ya ukoo huu wa zamani, Defender, ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Kiwanda hakitakutengenezea nyingine ya namna hiyo. Uliyo nayo uani, yenye bati la alumini lisiloshika kutu na chasisi ambayo bado yaweza kuchomelewa, ina miaka mingi mbele yake ikiwa mwenyewe ataamua kwa akili na wala si kwa pupa. Kesho fundi akija kutaka jibu lake, mwambie alete kwanza saa ya kupimia mkandamizo.